Mfumo wa Zamani Bado Unawaka

4 Februari

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Natumaini kichanga cha wifi kinakuacha ulale, na mwenyewe amepata nguvu za kutosha kuanza kukugombeza jikoni. Huku sote wazima. Mwanao mzima pia, ila hilo unalijua kuliko mimi, kwa kuwa mnaongea kila jioni.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulishasema jambo zito haliongelewi kwenye simu, simu ni ya salamu na kuulizia bei ya vitunguu. Hili ni zito. Shirika letu la nyumba limeamua kununua mashine ya akili bandia. Mpangaji akipiga simu au akiandika kwamba bomba linavuja au mlango umegoma kufunga, mashine itapokea, itaelewa shida ni nini, itachagua fundi na kumtuma, bila karani kuinua kalamu. Mkurugenzi aliiona kwa wenzake safarini, akarudi hatulii, kama mtoto aliyeona baiskeli ya jirani.

Mimi nimepewa kazi ya kuitayarishia njia. Mshauri tuliyeletewa alinifungua macho siku ya kwanza. Alisema mashine hiyo haina akili yake, inajifunza kwa kukariri tulichoandika sisi. Tukiwa tumeandika ovyo, itajibu ovyo, tena kwa kujiamini. Kwa hiyo kabla ya kuinunua lazima kwanza tuuzime mfumo wa zamani, ule wa skrini nyeusi na herufi za kijani ulioupigania wewe ulipokuwa mkuu wa masjala. Kila kitu kihamie kwenye mfumo mpya, makarani waandike humo tu, na mashine ijifunze humo.

Sasa shida. Makarani wananisikiliza kwa masikio tu. Nikieleza jambo, lazima mmoja aseme, "Mama alikuwa anafanya hivi." Mama ni wewe. Mimi wananiita "mkuu", na wanalivuta hilo neno mpaka linanichoma. Nilipoagiza makabati ya kadi yatolewe, yule karani wako mwandamizi, Mpole, alisimama kuyazuia akaniuliza kama nimekuomba ruhusa.

Nakuomba uwaambie kwamba mabadiliko haya yana baraka zako. Inaniuma kuomba. Nina cheo, nina shahada, na bado naazima sauti ya mama mkwe wangu. Lakini nimeomba.

Mkamwana wako


12 Februari

YAH: KUPOKEA BARUA YAKO YA TAREHE 4 FEBRUARI

Mwanangu,

Marahaba. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Barua yako imepokelewa, imesomwa, imewekwa jaladani. Jalada ni boksi la viatu la wifi yako, lakini nimelipa namba.

2. Nimefurahi sana kwa kazi uliyopewa. Nimefurahi mpaka wifi yako akaniuliza mbona nimekunja uso. Nikamwambia ni jua.

3. Kuhusu mfumo wa zamani, usiniongeleshe kama mwenye mali. Niliupigania kwa sababu hakukuwa na kingine. Nilikaa na yule fundi wa programu kwenye chumba cha chini ya ngazi, kisicho na dirisha, nikimweleza nyumba ni nini, mpangaji ni nani, lalamiko linaanzia wapi na linaishia wapi. Wenzangu wako kantini wanakunywa chai, mimi nameza vumbi. Basi, hayo yamepita.

Namba nazisimamisha hapa, zinanibana.

Mimi sasa kazi yangu ni kubembeleza mjukuu. Mambo ya ofisi niliyaacha getini siku niliyorudisha kitambulisho. Makarani nitawaambia, ondoa shaka. Wale ni watoto wangu, wengine niliwapokea hawajui hata kushika stapla. Nawe usiwafokee, hasa Mpole. Yule anaumia kimyakimya, kisha anaumwa tumbo.

Nasikia umepewa chumba chenye madirisha mawili. Mimi niliomba dirisha moja mpaka nikastaafu. Ni vizuri. Watu wa siku hizi mnahitaji mwanga kwa ajili ya macho.

Mumeo amekonda. Sikusemi, nakupa taarifa tu.

Mama mkwe wako


26 Februari

Mama yetu mpendwa,

Shikamoo. Maelekezo yako ya simu tuliyapokea, na nakuandikia kwa kuwa ulitaka taarifa ya maandishi.

Ulisema tumwitikie mkuu kwa kila jambo, ila mfumo wa zamani usilale njaa mpaka ithibitike kwamba huo mpya una miguu ya kusimama. Tumefanya hivyo, na mkuu anadhani tumeshauzima. Lalamiko likija tunaliandika kwenye mfumo wa zamani kama ulivyotufundisha, na mafundi tunawatuma kutokea humo. Kisha tunaliandika tena kwenye mpya.

Mwanzoni tulijitahidi kujaza pande zote mbili, lakini mikono ni ileile. Tena kwenye mfumo mpya lalamiko lisipofungwa linageuka jekundu, na likiwa jekundu mkuu anatoka chumbani kwake kuja kuuliza. Kwa hiyo tukishaliandika tu, tunabonyeza "limekamilika" palepale. Fundi anakwenda kwa siku yake, wiki hii au ijayo, na ukweli wake uko kwenye mfumo wa zamani. Skrini ya mkuu ni kijani tupu na yeye anafurahi.

Roho yangu haijatulia, Mama. Huo mfumo mpya si mbaya. Unatafuta jina la mpangaji kwa kufumba na kufumbua. Na mkuu naye si mtu mbaya. Juzi aliniuliza tumbo langu linaendeleaje. Lakini wewe ndiye uliyetulea, ukisema jambo ndilo. Je, tuendelee?

Mwanao wa masjala,
Mpole


28 Februari

Mpole,

Taarifa imepokelewa. Endeleeni. Msimwambie.

Mama


10 Machi

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Sijui uliwaambia nini makarani, lakini Mungu akubariki. Hawabishi tena. Skrini yangu ni kijani kutoka juu mpaka chini, kila lalamiko linafungwa siku hiyohiyo linapofika. Mshauri aliikodolea macho akakuna kichwa. Anasema hajapata kuona shirika linalotengeneza bomba kabla chai haijapoa. Mkurugenzi alinisifu mbele ya bodi nzima, nikajikaza nisitabasamu mno. Ijumaa tulikata keki pale masjala. Mwanao alikuja, akapiga picha, atakutumia.

Kwa kuwa mambo ni mazuri, nina ujasiri wa kukwambia lingine. Nikiingia masjala watu wananyamaza. Wanakuwa wanacheka, au wako kwenye simu, nikishika kitasa tu kila mtu anageukia kompyuta yake. Jana nilisimama nje ya mlango nikasikiliza. Mimi, mtu mzima, nimebana ukutani na mafaili kifuani. Nilimsikia Mpole akisema, "Sawa Mama, nimekusikia Mama." Ana mama yake mzazi, nikajiambia ni huyo. Lakini sauti ile ya mtu anayependa kuambiwa, mimi hajawahi kunitolea. Nilirudi chumbani kwangu na madirisha yangu mawili nikakaa.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Mume wangu akirudi, anachukua simu anakwenda kibarazani. Namwona kupitia kioo akicheka, akirusha mikono, akikusimulia siku yake mwanzo hadi mwisho. Akiingia namuuliza, "Habari za kazi?" Ananijibu, "Nzuri." Maneno yote umeshayala wewe, Mama, mimi naachiwa sahani nioshe. Usinielewe vibaya. Mama ni mama. Nimesema tu kwa sababu nisiposema nitapasuka.

Majaribio ya mashine mbele ya bodi ni tarehe 27. Utuombee.

Mkamwana wako


18 Machi

YAH: PONGEZI

Mwanangu,

Marahaba. Pongezi.

Picha nimeipata. Nimeikuza kwa vidole mpaka sura zikaanza kupotea. Naona masjala imepakwa rangi nyeupe. Naona meza yangu haipo, pale pamewekwa ua la plastiki. Naona Mpole anacheka, meno yote nje, na mkono wako uko begani kwake. Yule kijana nimefanya naye kazi tangu hajaota ndevu, sikujua kama ana pengo upande wa kushoto.

Kila lalamiko linafungwa siku hiyohiyo, unasema. Hongera. Enzi zetu fundi bomba alingojwa wiki nzima, na akija hana spana. Labda siku hizi maji yanaogopa kompyuta. Huyo mshauri wenu kama amekuna kichwa, basi na aendelee kukikuna. Hapa nilitaka kukuandikia jambo. Nimeliandika, nimelifuta, karatasi ikachanika, nimeanza nyingine. Si kitu.

Kuhusu kibaraza. Mwanangu ananipigia kwa sababu mimi nikisikiliza, nasikiliza. Sina kompyuta mapajani. Anasema ukifika nyumbani unaendelea kuitazama hiyo kijani yako mpaka chakula kinapoa. Kabla wifi yako hajazaliwa, mimi na yeye tuliishi wawili, chumba kimoja, kitanda kimoja mpaka alipoanza kunipiga mateke usingizini. Hayo hakuna mtaalamu atakayeyahamisha.

Nakutakia kila la heri tarehe 27.

Mama mkwe wako


3 Aprili

YAH: MAELEKEZO ULIYOWAPA WATUMISHI WA MASJALA

Mama,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu nililelewa hivyo.

Majaribio yalikuwa hivi. Tangu katikati ya Machi, wapangaji wa mtaa mmoja waliwekwa chini ya mashine peke yake. Malalamiko yao hayakupita tena kwa makarani, na mafundi wa mtaa ule walipokea kazi kutoka kwenye mashine tu. Tarehe 27 bodi iliketi, mkurugenzi amevaa suti mpya, simu imewekwa katikati ya meza kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Akapiga mpangaji wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, anaulizia maji yanayomwagika kutoka darini. Mashine ikamjibu kwa adabu zote: "Tatizo lako lilikamilika siku ileile uliyoliripoti. Asante kwa uvumilivu wako." Mzee akasema, "Limekamilika kwa nani? Mimi hapa niko sebuleni kwangu na mwavuli." Bodi ikacheka. Mimi nilicheka nao, Mungu anisamehe, nikidhani ni kosa dogo.

Tulikuwa hatujajua sababu, na hakuna aliyekwenda kumwangalia. Jumatatu dari ikaanguka, yote, juu ya kitanda chake. Yeye alikuwa jikoni anachemsha maji. Angekuwa amejilaza ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Mshauri alichimba siku nzima. Akakuta mashine haikumtuma fundi yeyote kwa yeyote, mtaa mzima, tangu siku ya kwanza. Ilikuwa imejifunza kwetu kwamba lalamiko likishaandikwa, ndiyo limekwisha. Ndivyo kumbukumbu zetu zilivyoifundisha. Akaniuliza hizi kumbukumbu zimeandikwa na nani. Kisha akanipeleka kwenye chumba cha chini ya ngazi na kufungua mlango. Mfumo wa zamani bado unawaka, Mama. Feni inazunguka, taa inapepesa. Kumbukumbu ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ileile.

Niliwaita makarani wote mezani. Nikauliza nani kawaambia. Mpole alikuwa ameinamia meza, simu yake mbele yake, na ikaanza kutetemeka juu ya mbao. Sote tuliitazama. Ilikuwa imeandikwa MAMA MASJALA.

Sasa mkurugenzi amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Ama niweke kumbukumbu moja tu, ya kweli, ama niache kiti. Mpole na wenzake wawili barua zao za kufukuzwa zinachapwa. Mpole hajajitetea hata kwa neno moja. Hajakutaja.

Nilikuja kwako nikiwa nimepiga magoti. Nikakuomba baraka. Ukanijibu kwa "Marahaba" na "Pongezi", na upande wa pili ukaniwekea shimo. Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mwanao. Nimekuonea wivu tangu siku nilipoingia nyumbani kwako. Nilikuonea wivu jinsi watu wanavyokaa wima ukiingia. Niliiomba kazi pale shirikani ili siku moja mtu aseme jina langu kama wanavyosema lako. Nilidhani wivu ni wangu peke yangu, nikauonea aibu, nikausalia Mungu auondoe. Kumbe tulikuwa wawili.

Mkamwana wako, kwa sasa


9 Aprili

Mwanangu,

Leo hakuna Yah.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wifi yako alinichukulia mtoto mikononi akaniambia naonekana vibaya.

Sitaki kukupangia maneno. Niliwaambia waendelee na mfumo wa zamani. Niliposikia wanabonyeza "limekamilika" kabla halijakamilika, nilijua ni kosa. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba lalamiko halifungwi mpaka fundi arudi na saini ya mpangaji. Ningekuwa bado kwenye kiti, karani angefanya hivyo ningemtoa nje. Nilijua, na nikaandika "endeleeni". Nilitaka mfumo wako uanguke. Sikutaka dari ya mtu ianguke, lakini sikufikiria dari. Nilifikiria wewe umesimama mbele ya bodi, huna la kusema, na mkurugenzi anageuka kuuliza, "Yule mama yuko wapi siku hizi?"

Hiyo ndiyo ndoto niliyokuwa naiota huku nabembeleza mtoto. Mtu mzima na mvi zangu.

Nina wivu, mkamwana. Ile picha ya keki imenikosesha raha mwezi mzima. Watu wale nimewatafutia nafasi, nimewasimamia misiba, nimewafundisha kazi, na hawakuwahi kucheka hivyo mimi nikiwa chumbani. Mimi walikuwa wanakaa wima, kama ulivyosema. Wewe unanionea wivu ule wima, mimi nakuonea wivu pengo la Mpole. Na jioni mwanangu akinipigia, kuna siku natafuta swali la ziada ili asikate, kwa sababu najua akikata anaingia ndani kwako.

Nisamehe au usinisamehe, hilo ni lako. Langu ni hili. Leo nimemwandikia mkurugenzi. Nimemweleza kwamba makarani walifuata amri yangu, nikiwa mtu wa nje nisiye na haki ya kuamuru, na kwamba wewe hukujua lolote. Nimetia saini kwa kirefu. Amwadhibu nani sasa, mstaafu? Atakachoweza ni kufuta jina langu midomoni mwa watu pale, na hilo atalifanya, namjua. Afute. Mpole asifukuzwe. Ana watoto na tumbo.

Mwalimu yule umpelekee salamu zangu. Usimwambie ni za nani.

Mama yako, ukitaka


22 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Mkurugenzi aliisoma barua yako kwa sauti mbele ya wakuu wote wa vitengo. Nilitamani aache, hakuacha. Alipomaliza, mkuu wa majengo aliguna akasema, "Kumbe." Mmoja akacheka. Nilidhani siku watu wale watakapokucheka nitashiba. Sikushiba. Nilitoka nje nikaenda kunawa uso.

Mpole na wenzake wamebaki, kwa onyo la maandishi. Mwalimu amewekewa dari mpya, na amekataa kuongea na mashine yoyote maisha yake yote. Mashine yenyewe imerudishwa darasani. Kila lalamiko tulilolifunga kwa uongo tunalifungua, tunalilinganisha na mfumo wako wa zamani, tunampigia mpangaji kumuuliza kama kweli fundi alifika. Ni kazi ya kuchosha mno. Tunaifanya sote meza moja, mimi nikiwemo, na viatu nimevua. Bodi imeniongezea muda mpaka katikati ya mwaka. Sitakudanganya kwamba kiti kimekuwa salama.

Limebaki jambo moja, na kama ningeweza kulikwepa ningelikwepa. Mfumo wa zamani lazima uzimwe Ijumaa. Data yote imeshatolewa, imehakikiwa mara mbili. Ukiendelea kuwaka, mkono wa mtu utarudi humo tu. Nimewaomba makarani, nimewaamuru, nimewabembeleza. Wanakwenda mpaka mlango wa chini ya ngazi, wanarudi. Mpole ameniambia usoni, kwa heshima, "Mkuu, siwezi kuuzima Mama hajasema." Baada ya yote haya! Ningeweza kuuzima mwenyewe, ni kubonyeza kitufe. Lakini nikiuzima mimi, kwao nitakuwa nimekuzima wewe, na hawatanifungulia mioyo tena.

Kwa hiyo nakuomba kwa mara ya pili, na safari hii sina hata cheo cha kujivunia. Wapigie. Waambie wewe.

Wivu wangu bado upo, nisikufiche. Naandika hii na mwanao yuko kibarazani.

Mkamwana wako


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Niliwapigia Ijumaa asubuhi kama ulivyotaka. Mpole aliniweka kwa sauti kubwa, nikasikia viti vikisogezwa, nikajua wamekaa wima. Niliwaambia mfumo ule ulikuwa mzuri kwa wakati wake na wakati wake umekwisha, wauzime, na asilie mtu. Mmoja akalia. Nikawaambia pia kwamba kuanzia siku hiyo swali lolote la kazi wamuulize mkuu wao, wasinipigie mimi. Kisha Mpole akashuka na simu mpaka chini ya ngazi ili nisikie. Feni ile ilikuwa na mlio wake, ulinichosha masikio miaka yote. Ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Nikamwambia ahsante, nikakata mimi kwanza.

Mwanangu alipopiga jioni nilimwambia hivi: mambo ya kazini kwako mwambie mkeo kwanza, yatakayobaki ndiyo uniletee. Alicheka, akadhani natania. Nikarudia mpaka akaelewa. Sasa ananipigia Jumapili, anauliza hali ya mtoto, anauliza mguu wangu, tumemaliza. Natumaini sahani yako siku hizi inakuja na kitu juu yake. Sijasema hivyo kwa ukarimu. Nilitoka kwenye simu ile nikajifungia bafuni nikafungulia maji, wifi yako asisikie.

Makarani nao wametii. Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilidhani watatii kwa siku chache, kisha mmoja atalikiuka agizo kidogo, atapiga angalau kunisalimu, na katikati ya salamu ataingiza swali. Hajapiga yeyote. Kumbe maswali yao yote una majibu yake. Wifi yako anasema nishukuru, ndiyo maana ya kustaafu. Nimemwambia anyamaze alee mtoto wake.

Simu naiweka mfuko wa mbele wa aproni. Ikilia ya wifi yako sebuleni, mimi ndiye ninayeshtuka. Asubuhi naichomeka kwenye chaji kwa mazoea, naikuta bado imejaa.

Mkamwana, usinipigie kwa kunihurumia, nitajua, na nitakujibu vibaya. Lakini ukipata swali la kazi, hata dogo, hata la kipuuzi, nipigie. Ukikosa swali, litunge. Mimi nitajifanya sikugundua.

Mama yako